Suruali Iliyopauka Haijachakaa

Msikilizaji, kaskazi inapoanza kuvuma na jua la Januari kukolea, watu wa pwani huzitoa kabatini zile suruali nyepesi za pamba na kitani, na hapo ndipo nyingi hukatiwa hukumu. Mapaja yamepauka, magoti yamekuwa meupe, rangi ya kahawia imegeuka rangi ya vumbi, na mwenyewe anasema hii imekwisha, ikawe dekio. Mimi naona hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Fumua kidogo pindo la chini la mguu utaikuta rangi ya awali ingali imekoza. Kisha shika kitambaa pale pale kwenye paja lililopauka, ukivute kwa mikono miwili, na mara nyingi hakitachanika. Jua, jasho na sabuni vimemaliza rangi, lakini nyuzi bado zina miaka ya kuvaliwa. Rangi hiyo inaweza kurudishwa nyumbani kwa ndoo ya plastiki, chumvi na magadi, ilimradi mtu ajue kwanza ameshika kitambaa gani.

Hapo kwenye kujua kitambaa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kisha lawama akabebeshwa muuza rangi. Pamba na kitani ni nyuzi za mimea, na hunywa rangi kwa urahisi. Polista ni jamii ya plastiki. Kiwandani hutiwa rangi ya aina yake, ndani ya mitungi ya shinikizo, kwa joto la karibu nyuzijoto 130, ambalo sufuria iliyo jikoni haifiki hata maji yachemke kutwa. Suruali nyingi za mtumba hazina tena lebo ya kukuambia ni ipi, lakini kipimo kipo. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, upande wa ndani wa mshono, uushike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uuguse na moto wa kiberiti. Pamba huwaka, hunuka karatasi iliyoungua na huacha majivu laini yanayopeperuka. Polista hujikunja na kuyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu usichoweza kukisaga kwa vidole. Ukiona majivu na kidonge pamoja, kitambaa ni mchanganyiko, nacho kitashika rangi kwa kiasi tu, kitoke hafifu.

Wapo wanaosema rangi ya nyumbani huchuja, itachafua shuka na nguo nyingine. Ilikuwa hoja nzito zamani. Lakini mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza rangi zinazoungana kikemia na uzi wa pamba wenyewe, na leo rangi za jamii hiyo zinatumika duniani kote, hata katika maji ya vuguvugu. Chumvi huifukuza rangi majini iuendee uzi, na magadi ndiyo yanayoifunga. Tena chumvi inahitajika kwa wingi: suruali ya nusu kilo katika lita 10 za maji inaweza kutaka karibu nusu kilo ya chumvi. Anayetia vijiko viwili atapata suruali iliyofifia, aseme rangi ni feki. Kinachochuja baadaye ni ile ziada ambayo haikufungwa, nayo huondoka kwa kusuuza mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Jambo ambalo rangi haiwezi ni kufunika. Kitambaa cha njano kikitiwa buluu kitatoka kijani, na doa la mafuta lisilofuliwa litabaki doa. Kwa hiyo chagua rangi nzito kuliko iliyopo, nyeusi, buluu iliyoiva au kahawia, na kama unataka kuikata iwe kaptula au kuibana miguu, mpelekee fundi cherehani kwanza, umwombe ashone kwa uzi wa pamba. Uzi wa kawaida wa kushonea ni polista, kama ni mweupe utabaki mweupe juu ya suruali nyeusi.

Hoja nyingine ni ya bei: kwa nini kuhangaika na ndoo wakati mtumba upo tele? Bei hiyo haiko mikononi mwetu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na senti 50, na mnunuzi wa kawaida akaubeba mzigo. Tena suruali ya pamba halisi inayokukaa vizuri kiunoni haipatikani kila siku. Na inaniuma kwamba sisi tunalima pamba Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa tunaiuza nje kabla haijasokotwa, halafu kitambaa kinapoturudia tunakitupa kwa sababu ya jua tu.

Hoja ninayoikubali ni ya hatari. Baadhi ya rangi za batiki hufanya kazi kwa kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho, na hula sufuria ya aluminiamu. Unga wa rangi yoyote haufai kuvutwa puani, hivyo vaa glavu na funika pua na mdomo, chombo kilichotumika kisirudi jikoni, maji yake yasimwagwe karibu na kisima. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kwenye nguo baadhi ya rangi za azo kwa sababu zinaweza kutoa kemikali zinazosababisha saratani. Sasa mtu atajuaje, ikiwa rangi amepimiwa kwa kijiko kwenye kifuko kisicho na maandishi? Nawaomba wauzaji, na Shirika la Viwango Tanzania, waliangalie hili: kila kifuko kiandikwe aina ya rangi, kitambaa kinachofaa, joto la maji na kemikali ya kuifunga. Na wewe msikilizaji, uliza hayo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akishindwa kukujibu, usinunue.