Philip Payton na Nyumba za Harlem

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya fedha za hisa. Nimechagua habari za mtu wa mbali, Mmarekani mweusi Philip Payton, dalali wa nyumba wa New York, kwa kuwa yaliyompata yanahusu hisa kama hizi tunazozikusanya sisi.

Payton alizaliwa mwaka 1876. Alikuwa kinyozi, kisha mfagizi katika ofisi ya udalali wa nyumba, na humo ndimo alimoiona kazi yenyewe. Mwaka 1900 alifungua ofisi yake. Biashara ilikawia, mwenzake akajitoa, naye na mkewe wakapata kufukuzwa nyumbani kwa deni la kodi. Bahati ilikuja pale wenye nyumba wawili wa mtaa mmoja walipogombana. Mmoja, kwa kumkomoa mwenziwe, alimkabidhi Payton nyumba aijaze wapangaji weusi. Kodi zikalipwa, na wengine wakamfuata.

Mwaka 1904 aliunda Kampuni ya Afro-American Realty, ikauza hisa kwa dola 10 kila moja. Kampuni ya Wazungu ilinunua majengo matatu katika Barabara ya 135 Magharibi, Harlem, ikawatoa wapangaji weusi. Payton akanunua majengo ya jirani, akawatoa Wazungu, akawaingiza weusi. Hatimaye wale wakamwuzia hata yale matatu. Udalali ukawa umekwisha kuwa kazi ya umma.

Hapa, ndugu zangu, tukae kidogo. Mwaka 1906 baadhi ya wanahisa walikwenda mahakamani, wakidai kwamba waraka wa kuuzia hisa ulikuza mali za kampuni na kunyamazia rehani. Mwaka 1908 kampuni ikafa. Wako wanaomtetea kwa wema wa madhumuni yake. Yalikuwa mema kweli, na kwangu hilo ndilo linaloongeza uzito wa dai, maana watu wale walitoa akiba zao kwa kuitetea jamii yao. Basi katibu anapoorodhesha ghala, mashine au gari la chama, rehani iandikwe katika ukurasa ule ule, mwanachama aisome kabla ya kutia sahihi.

Payton hakuacha kazi. Mwaka 1917 alinunua majengo sita makubwa ya kupangisha, akayapa majina ya watu weusi mashuhuri. Alifariki mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 41.

Sasa nayakaribisha maswali yenu.