Mwenye Kuomba Kura Anasema Nini?
Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa wafanyakazi



Muliniomba niseme namna watu wa Marekani wanavyoomba kura. Juu ya rais wao sitasema, mumekwisha kusikia mengi. Nitasema juu ya mutu mudogo, yule anayeomba kiti mu baraza la jimbo. Nimechagua jimbo la West Virginia, kwa sababu pale ni kwa wenzetu, wachimbaji wa makaa ya mawe, babu na baba na mutoto.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo linatunga sheria zake. West Virginia ina baraza la wajumbe lenye viti 100, na senati yenye viti 34. Mujumbe anakaa miaka 2 tu, kisha anarudi kupiga hodi ku milango ya watu. Mutu atasema kiti kile ni kidogo. Lakini sheria nyingi za shule, za bunduki, za sendika, na kodi ya makaa, zinatungwa pale, si Washington.

Sasa musikilize mwenye kuomba kura wa chama cha Republikani, wale wenye kushika desturi za zamani. Simutaji mutu mumoja, maana maneno yao yanafanana kama matofali ya tanuru moja. Anafika, anasalimia, anasema: mimi ni mutu wa kanisa, ninakataa kutoa mimba. Ninataka mutu abebe bunduki yake bila kuomba kipande kwa Leta. Ninataka kodi ipungue. Ninataka muzazi achague shule, na feza ya Leta imufuate mutoto. Ninataka makaa yachimbwe, na wakubwa wa Washington waache kutuzuia. Tena, mutu asilazimishwe kulipa feza ya sendika.

Wandugu, musicheke. Wachimbaji wengi waliyapenda maneno haya wenyewe. Mu miaka ya 1940 jimbo lile lilikuwa na wachimbaji zaidi ya 100,000. Leo hawafiki hata 20,000. Mashini zilichukua kazi, gazi ya bei ya chini ikachukua wanunuzi, na sheria za moshi zikaongeza uzito. Mutu anayeona kambi yake inakufa, akisikia mwingine anasema atatetea makaa, atamupa kura. Wademokrati walikuwa wameshika baraza la wajumbe zaidi ya miaka 80. Mu uchaguzi wa Novemba 2014 wakalipoteza.

Na tuseme kwa haki: wale walioingia walitimiza walichosema. Mu 2016 ruhusa ya kubeba bunduki ya kufichwa iliondolewa kwa watu wazima. Mu 2021 feza ya shule ya kuchagua ikapita. Mu 2022 kutoa mimba kukakatazwa, isipokuwa kwa sababu chache. Mu 2023 kodi ya mapato ikapunguzwa asilimia 21.25.

Neno la sendika ndilo ninalotaka tukae juu yake.

Sheria yenyewe wanaiita «haki ya kufanya kazi». Jina tamu kabisa! Nani atakataa haki ya kufanya kazi? Lakini sheria ile haimupi mutu kazi hata siku moja. Inasema tu kwamba mufanyakazi hawezi kulazimishwa kulipa sendika. Upande mwingine, sheria ya inchi nzima inailazimisha sendika imutetee kila mufanyakazi mahali ilipochaguliwa, alipe asilipe. Ni kama sufuria moja ya bukari: kumi wanakula, lakini kununua unga ni kwa mwenye kupenda. Mwaka wa kwanza wanane watanunua. Mwaka wa tatu watabaki wangapi?

Wenye kuitaka sheria ile wana sababu zao. Wanasema si haki kumuondolea mutu feza kwa ajili ya chama asichokipenda, na kwamba wenye viwanda wanapendelea majimbo yenye sheria kama hii. Sababu ya kwanza si ya bure. Hata hapa kati yetu yuko aliyelipa sendika miaka mingi bila kuuona uso wa delege wake.

Gavana Tomblin, Mudemokrati, aliikataa. Lakini mu jimbo lile wajumbe wakizidi nusu wanaweza kupita juu ya neno la gavana, na mu Februari 2016 walipita. Wakati uleule waliondoa sheria iliyolinda mushahara wa wajenzi mu kazi za Leta. Haya yalitokea mu jimbo ambamo mu 1921 wachimbaji karibu 10,000 walishika silaha wakaenda ku mulima wa Blair kwa ajili ya sendika.

Mu 2019 wakapunguza ushuru wa makaa ya kuwasha umeme, kutoka asilimia 5 mpaka 3, pole pole. Wakasema ni kwa kulinda kazi. Watu wa Likasi na Kolwezi sina haja ya kuwaeleza maana ya ushuru wa kile kinachotoka mu udongo, maana kikiisha kupanda gari la moshi hakirudi.

Lakini musifikiri watu wale walilala. Mu Februari 2018 waalimu waligoma mu wilaya zote 55, wengine wamefunga kitambaa chekundu shingoni kama wachimbaji wa 1921. Sheria haikuwapa ruhusa ya kugoma. Shule zilifungwa siku 9, na waalimu wakapata nyongeza ya asilimia 5, pamoja na watumishi wengine wa jimbo.

Tena kuna siku moja, tarehe 8 Novemba 2022. Wapiga kura waliwapa Warepublikani viti 88 mu vile 100. Ku karatasi ileile waliulizwa: munakubali baraza lipate uwezo wa kuondoa kodi ya mashini na mali za makampuni? Ili ipendeze, waliweka ndani na kodi ya motokari ya kila mutu. Wakubwa wa baraza waliitaka sana. Gavana wao wenyewe, Jim Justice, Murepublikani, aliipinga, maana kodi ile inalisha shule na wilaya. Watu wakakataa, na waliokataa walizidi sana. Mutu mumoja, kalamu moja: alimuchagua mujumbe, akamunyima neno lake moja.

Nimemaliza. Mwenye ulizo asimame, na wadelege wa sendika waanze.