Baada ya Saa Tisa na Nusu: Nani Anabaki Kuandika Programu Kamere?

Mada kwa warsha ya walimu wakuu na walimu wa sekondari msingi, Kamere, Naivasha

Waandaaji waliomba mada hii ianze kwa kufafanua istilahi, na ombi lao litatimizwa kwa ufupi. Kuandika programu ni kuipa mashine maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua, yasiyoiachia nafasi ya kukisia. Maagizo hayo hurudiwa inapobidi, huwekewa masharti, na hukaguliwa upya yanapoleta hitilafu. Wanafunzi wanaolengwa ni wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Waliosahaulika katika mafunzo hayo ni wasichana kwanza, kisha watoto wa wavuvi wa ufuoni, watoto wa wafugaji wa Kimaasai wa upande wa Olkaria na Suswa, na watoto wa vibarua wa mashamba ya maua, wanaohama shule kila mkataba wa mzazi unapokwisha. Walimu waliomo ukumbini wanayajua haya yote, pengine kumshinda mtoa mada.

Historia nayo si ndefu. Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa shule ilitolewa kwenye kampeni za 2013, shule za msingi zikaunganishiwa umeme kwa haraka, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kufika kwa ajili ya darasa la kwanza. Zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa nchini. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo ndio waliofanya mtihani wa KCPE wa mwisho 2023. Walisoma mtaala wa 8-4-4, ambao haukuwa na somo la kompyuta katika shule ya msingi. Wenzao waliowafuata ndio walioingia Gredi ya 7 Januari 2023. Kabla ya hapo, Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa imeidhinisha mafunzo ya kuandika programu ya kampuni ya Kodris Africa, na Kenya ikasifiwa kuwa ya kwanza barani kufanya hivyo.

Sifa hiyo ilistahili. Kilichofuata ndicho kinachohitaji kuangaliwa.

Mwanzoni Sayansi ya Kompyuta ilikuwa somo la hiari katika sekondari msingi. Jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu lilipopendekeza mzigo wa wanafunzi upunguzwe, masomo yakashuka hadi 9, na kompyuta ikatiwa ndani ya somo la Pre-Technical Studies pamoja na masomo ya biashara. Mada hii haisemi Wizara ilikosea. Watoto walikuwa wamelemewa kweli. Ila somo hilo lina vipindi 4 tu kwa wiki, na mara nyingi huangukia mikononi mwa mwalimu aliyesomea historia na dini chuoni. Wengi wa walimu hao waliingia wakiwa wanagenzi wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa namna hiyo akifika kwenye sura ya kuandika programu, atafanya lile ambalo yeyote angelifanya: ataisoma kwa sauti, ataandika maswali mawili ubaoni, kisha atasema mazoezi yatafanywa kwenye klabu.

Klabu hukutana lini? Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo yaishe saa tisa na nusu alasiri, halafu shughuli za nje ya darasa ziendelee hadi saa kumi na moja kasorobo. Kwenye karatasi, dakika 75 zinatosha kabisa kujifunza Scratch, lugha ya kuandika programu kwa watoto. Kamere, dakika hizo zina wenyewe tayari.

Anayetaka kujua ni za nani na asimame langoni kengele inapolia. Msichana wa Gredi ya 8 hatoki shule akaenda kupumzika. Anapitia kwa mdogo wake wa chekechea, anabeba mtungi hadi kwenye kioski cha maji, anawasha jiko. Mama yuko pakihausi ya shamba la maua. Kuanzia mwisho wa Januari, oda za Valentine zinapobana, ovataimu haina mwisho unaojulikana. Ikishapita kunakuja Siku ya Mama ya Waingereza mwezi Machi, kisha ya Wamarekani mwezi Mei. Mara tatu kabla ya katikati ya mwaka soko la Ulaya na Marekani linapanga alasiri ya mtoto wa Kamere, na hakuna barua inayoletwa shuleni kumjulisha mwalimu. Kaka yake naye? Kaka anabaki klabuni. Nyumbani hana anayemngoja.

Rejista za klabu husema hayo waziwazi. Muhula unapoanza, majina ya wasichana hujaa. Kufikia Februari mistari yao imekuwa ya misalaba mitupu, na mwisho wa muhula ripoti huandikwa kwamba wasichana hawana hamu na kompyuta. Mtoa mada amekutana na sentensi hiyo katika ripoti nyingi mno, nyingine zikiwa za wafadhili wenye nia njema, na anaomba radhi kwa ukali wa atakalosema: sentensi hiyo si ya kweli. Aliyeiandika alihesabu waliobaki bila kuuliza waliondoka kwenda wapi.

Liko pia jambo la ziwa. Viboko wa Ziwa Naivasha hutoka majini jioni kuja kula majani, na wakazi wa kandokando ya maji wamezika watu. Mzazi anayekataa binti yake atembee njia ya ufuoni baada ya klabu, giza likikaribia, hapingi teknolojia hata kidogo. Anafanya hesabu ambayo waandaaji wa klabu hawakuifanya.

Dawa inayoletwa kwa kawaida ni hamasa. Hualikwa mgeni kutoka Nairobi, huchapishwa mabango, hugawiwa fulana za rangi ya waridi katika kijiji ambacho waridi maana yake ni ovataimu. Wageni hao wana ya kusema, na mada hii haiwabezi. AkiraChix, iliyoanzishwa na wanawake wa teknolojia Nairobi mwaka 2010, imewafundisha wasichana wengi kazi hii kwa dhati. Ushahidi, jukwaa la kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi lililoundwa Januari 2008 wakati Naivasha yenyewe ikiwaka moto, lilikuwa na Ory Okolloh na Juliana Rotich miongoni mwa waanzilishi. Na mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walifika California kwenye mashindano ya Technovation na iCut, programu ya simu ya kuwasaidia walio katika hatari ya ukeketaji.

Mfano huo wa Kisumu hutajwa katika kila warsha, na husahauliwa upande mmoja. Wale walikuwa wanafunzi wa sekondari ya bweni. Kengele ya jioni ilipolia walikuwa bado shuleni. Hakuna aliyewangoja na mtungi. Kuwaambia wasichana wa shule ya kutwa ya Kamere waige Kisumu bila kuwapa saa ambazo Kisumu walikuwa nazo ni kuwaonea.

Ushahidi wa nje nao unaelekea huko huko. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wasichana waliojiunga na sayansi ya kompyuta walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000, baada ya chuo kubadili namna ya kuwachagua na kuwafundisha. Harvey Mudd, chuo kidogo cha California, kiliipanga upya kozi yake ya kwanza, ile ambayo kila mwanafunzi sharti aichukue, kikiwatenga waliokwisha kuandika programu na wanaoanza. Ndani ya miaka michache wanawake wakatoka kama asilimia 10 hadi karibu 40. Hakuna aliyewabadili wasichana. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Ndani ya darasa lipo tatizo dogo la ukoo huo huo. Kishikwambi kimoja kwa watoto sita kina mwenyewe kabla mwalimu hajageuka. Mvulana hukishika, na msichana mwenye mwandiko mzuri huteuliwa karani wa kundi. Anamaliza muhula na daftari safi kabisa bila kugusa skrini.

Mapendekezo sasa, na washiriki wavumilie yakirudia yaliyokwisha kusemwa, kwa sababu yamekwisha kusemwa kwa miaka.

Kwanza, mazoezi ya kuandika programu yatoke klabuni yaingie kwenye ratiba, katika vipindi viwili vya Pre-Technical vinavyofuatana, kabla ya chakula cha mchana. Pili, klabu ibaki kwa wanaotaka kuendelea, lakini isiwe mahali pekee pa kugusa kifaa. Tatu, zamu za kishikwambi zipimwe kwa saa: mmoja anaandika, mwenzake anaelekeza, kengele ikilia wanabadilishana, na mwalimu aweke alama kwenye rejista aone nani ameshika na nani hajashika. Nne, ufunguo wa kabati la vifaa usiwe wa mtu mmoja. Vifaa vingi vimezeekea gizani kwa hofu ya kupotea, jirani kabisa na Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981.

Tano, ukosefu wa vifaa usiwe kisingizio. Tangu miaka ya 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wamekuwa wakifundisha misingi ya kompyuta bila kompyuta yoyote. Kamere ina somo lake tayari. Mabua ya waridi hupangwa kwa urefu, sentimita 40, 50, 60, 70. Watoto wakipewa vijiti vya urefu mbalimbali, wakaambiwa wavipange kwa kulinganisha viwili viwili tu vilivyo jirani, wamekwisha kuanza kusoma upangaji wa data, na mtoto wa mpanga maua hatakuwa mgeni. Baada ya hapo Scratch, ambayo ina toleo la Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti ikishapakiwa, itakuwa rahisi zaidi.

Sita, mashamba yaombwe kuzijulisha shule mapema majira ya ovataimu. Si ombi kubwa. Kalenda ya oda wanayo. Saba, ripoti za miradi zihesabu walioondoka na sababu zao. Nane ni la kwanza tena: ratiba.

Kikao cha alasiri kitaanza saa nane. Kila mwalimu mkuu anaombwa kuja na ratiba ya Gredi ya 7 ya shule yake, pamoja na penseli na kifutio.