Mgonjwa Asiachwe na Siri Yake



Mada niliyopewa ni nzito, na huenda wengine wakaiona ngeni. Inawahusu wagonjwa wa saratani ya tezi dume wenye mapenzi ya jinsia moja, pamoja na wale waliozaliwa wanaume na sasa wanaishi kama wanawake. Sikuja kujadili mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa, hayo mnayafahamu. Nimekuja kuzungumzia haki ya mgonjwa kuuguzwa na kufarijiwa pasipo kulazimika kuficha yeye ni nani.

1. Maradhi yenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Nchini Uingereza, mwanamume mmoja kati ya 8 hupatikana na saratani ya tezi hii maishani mwake. Kwa wanaume weusi wa nchi hiyo ni mmoja kati ya 4. Hatari huongezeka baada ya umri wa miaka 50, na huwa kubwa zaidi kwa mtu ambaye baba au kaka yake aliugua. Mara nyingi mwanzoni hakuna dalili yoyote.

Tiba huokoa maisha, lakini huacha majeraha. Upasuaji waweza kuondoa nguvu za kiume na kumfanya mgonjwa ashindwe kuzuia mkojo. Mionzi yaweza kudhuru utumbo wa haja kubwa. Dawa za kupunguza homoni za kiume huleta uchovu, joto la ghafla na pengine kukua kwa matiti. Haya ni mambo ambayo mwanamume yeyote huona haya kuyasema.

2. Kwa nini wagonjwa hawa husahauliwa

Kwa miaka mingi, vijitabu vya hospitali viliandikwa kana kwamba kila mgonjwa ana mke. Daktari huuliza, "Mkeo anasemaje?" Hapo mgonjwa huyu hana budi kuchagua: aseme uongo, au afichue siri ambayo pengine ameitunza miaka 40.

Ukimya huo huathiri tiba. Madhara ya upasuaji na ya mionzi hayamgusi kila mtu kwa namna moja, na mwanamume anayeishi na mwanamume mwenzake ana maswali yake kabla ya kuchagua. Hata kipimo cha damu kiitwacho PSA chaweza kupotosha, kwa kuwa tendo la kujamiiana siku chache kabla yake laweza kupandisha matokeo. Asiyeweza kuuliza hatapata maelekezo yanayomfaa. Aliyebadili jinsia kwa kawaida bado ana tezi dume, hata baada ya kufanyiwa upasuaji. Homoni za kike anazotumia hushusha kiwango cha PSA, kwa hiyo matokeo yanayoonekana kuwa mazuri yaweza kuficha maradhi. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha.

3. Wagonjwa kusaidiana wao kwa wao

Mwaka 1990, wagonjwa wa saratani ya tezi dume walianzisha huko Chicago, Marekani, chama kilichoitwa Us TOO, ili waliotibiwa wawashauri wanaoanza tiba. Wengi walihudhuria mikutano ya namna hiyo pamoja na wake zao. Mwenye mapenzi ya jinsia moja aliweza kukaa katikati yao akasikiliza mengi ya kumfaa, na bado akarudi nyumbani na swali lake kuu moyoni. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1990, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Darryl Mitteldorf alianzisha Malecare mjini New York, shirika lililofungua vikundi kwa ajili ya wagonjwa hao. Uingereza nako kikapatikana kikundi cha Out with Prostate Cancer mjini Manchester.

Kazi ya vikundi hivi ni ya kawaida kabisa. Aliyeambiwa jana kwamba ana saratani hukutana na aliyetibiwa miaka 5 iliyopita. Huulizana kuhusu pedi za kuzuia mkojo, namna ya kusema na daktari, na namna ya kumweleza mwenzi kwamba mwili umebadilika. Hawachukui nafasi ya daktari. Humsaidia mgonjwa afike kwake akiwa na maneno ya kusema. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Jambo hili si geni kwetu. Ukimwi ulipotujia na aibu yake, TASO ilianzishwa Uganda mwaka 1987 na WAMATA Tanzania mwaka 1989, na walioguswa na ugonjwa wakawa wafariji wa wenzao. Tulijifunza wakati ule kwamba unyanyapaa huua kabla ya ugonjwa.

4. Haki kando ya kitanda

Katika hospitali nyingi, mwenzi wa mgonjwa wa namna hii alizuiliwa mlangoni kwa kuwa si ndugu. Aprili 2010 Rais Barack Obama wa Marekani aliagiza kwamba hospitali zinazopokea fedha za bima za serikali ziheshimu chaguo la mgonjwa kuhusu nani amtembelee. Kwetu hali ni ngumu zaidi: sheria za Kenya, Tanzania na Uganda bado huadhibu mahusiano hayo. Hapa neno moja la umbea laweza kumpeleka mgonjwa gerezani badala ya wodini.

5. Wajibu wetu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yataka watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Anglikana aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini. Hakuuficha ugonjwa wake, na hadi alipofariki Desemba 2021 hakuacha kuwatetea waliobaguliwa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja.

Nasi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Anayemtembelea mgonjwa asimhoji habari za ndoa; amwulize tu, "Ungependa nani awe karibu nawe?" Siri tuliyoambiwa kitandani isifike hata kwenye kamati ya parokia. Na mgonjwa akitaka kuzungumza na mwenzake aliyepitia njia hiyo, tumsaidie kumpata, wala tusimfanyie sharti.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Je, mgonjwa aweza kutueleza ukweli wake pasipo kuogopa?
2. Ni maneno gani tunayoyatamka hadharani ambayo humfanya mtu aogope kwenda hospitali?
3. Nani kati yetu amepona au anaendelea na tiba, naye yu tayari kumsikiliza mwenzake?