Kwa nini jiko zuri linaishia sokoni

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole)

Salamu kwenu mlioko Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi, na Lobule kule Koboko. Salamu pia kwenu mnaoishi hapa Arua mjini, Oli na Awindiri, mnaotafuta maisha bila kadi ya chakula mkononi.

Leo tunaongea juu ya kuni, makaa na majiko. Nawasikia wengine tayari: "Majiko tena?" Ni kweli, kila mgeni akija kambini anatufundisha jiko. Nivumilieni kidogo. Leo sifundishi kukanda udongo. Nauliza kitu kimoja tu: kwa nini jiko zuri, linalookoa kuni, linaishia kuuzwa?

Wiki iliyopita nilienda soko la Awindiri kutafuta betri za kinasa sauti. Karibu na wauza sufuria nikaona majiko ya bati yenye udongo ndani, yamepangwa chini. Niliyajua mara moja. Ni aina ile ile tuliyogawiwa kambini. Moja lilikuwa limekwanguliwa rangi pale penye nembo. Muuzaji hakuficha. Akaniambia, "Haya yanatoka kwenu. Watu wanayaleta wenyewe."

Sikuwa na la kumlaumu, maana hata sisi tuliuza la kwetu.

Mtakumbuka mwaka 2023. Mwezi wa 7, Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilitugawa katika makundi matatu kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Kundi la kwanza lilibaki na asilimia 60 ya posho ya kawaida, la pili asilimia 30, la tatu halikupata kitu. Nyumba yetu iliangukia kundi la pili. Mama aliangalia gunia la unga, akaangalia jiko. Hakukataa kwamba lile jiko linaokoa kuni. Lakini kuni zitaokotwa kesho, na watoto wanakula leo. Akalitoa kwa mama mmoja mchuuzi, tukapata unga wa siku chache. Jioni ile tulirudi kwenye mafiga matatu, na dada yangu akarudi porini.

Sasa hebu tuhesabu. Mafiga yameachia moto kila upande, upepo unachukua joto lote. Mzigo wa kuni unaisha haraka, msichana anakwenda tena. Miti ya karibu imekwisha, kwa hiyo anakwenda mbali zaidi, kwenye ardhi ya watu. Hapa West Nile ardhi ni ya koo za wenyeji, nao ndio waliotupa nafasi ya kujenga. Mwenye shamba akimkuta binti na panga kwenye mti wake, ni nani atamlaumu kwa kukasirika? Mama zangu mnajua mambo mengine yanayowapata mabinti huko porini. Sitayataja hewani, lakini yako kwenye bei ya lile jiko tuliloliuza. Saa zile angekuwa darasani au kwenye bustani ya mboga.

Mwaka ule ule, mwezi wa 5, Rais Museveni alikuwa ametoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda. Amri ina sababu yake. Malori ya makaa yalikuwa yanamaliza miti, na mshea unaotupa mafuta unachukua miaka mingi sana mpaka uzae. Ila kwa nyumba nyingi za kambini, gunia moja la makaa ndilo lilikuwa sabuni, dawa na madaftari. Mlango wa makaa ukafungwa mwezi wa 5, posho ikakatwa mwezi wa 7. Katikati ya milango hiyo miwili ndipo majiko yalipoanza kusafiri kwenda sokoni.

Niseme pia, kwa sababu maneno haya yanaleta ugomvi visimani, kwamba miti ya Arua haikuanza kuisha siku tulipofika sisi. Wazee wa hapa watakueleza habari za tumbaku. Kwa miaka mingi ndilo zao lililowaletea pesa, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto inakula kuni kupita kiasi. Mwenyeji alikata mti kulipa karo. Mimi ninakata nipike maharage. Shoka ni lile lile.

Turudi kwenye majiko. Kuna moja ambalo haliuziki: la udongo, lile la kujengwa palepale jikoni kwa udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa. Huwezi kulibeba kichwani hadi Awindiri. Halina bei, linahitaji mikono na maji tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa nyumba isiyo na pesa. Ubaya wake ni kwamba linapasuka, lazima ulisiliba mara kwa mara, na paa likivuja wakati wa mvua linarudi kuwa matope.

Na makaa ya taka? Nilikaa nusu siku na akina mama wa Awindiri wanaoyatengeneza. Wanakusanya vumbi la makaa kwa wauzaji, wanalichekecha, wanachanganya na uji wa mhogo ili lishikane, wanafinyanga, wanaanika juani siku kadhaa. Yanawaka taratibu, yanafaa kwa maharage. Lakini mama mmoja alinichekesha. Alisema, "Mwanangu, unga ukipanda bei mimi ninakula ile gundi." Hapo ndipo anaweka udongo badala ya uji, na majivu yanakuwa mengi, na wateja wanalalamika. Mvua ikishika, hakuna kinachokauka. Utaalamu upo. Kinachokosekana ni turubai, kibanda, na unga wa ziada.

Wenzetu wa Kenya walipitia haya. Lile jiko la bati lenye udongo ndani lilianza kuenea huko miaka ya 1980, wazo likiwa limetoka kwenye majiko ya Thailand. Mafundi wa bati wa Nairobi, wale wa Shauri Moyo, walilichukua wakalitengeneza na kuliuza wenyewe. Fundi alipata faida, mnunuzi akapunguza pesa ya makaa, na likiharibika fundi yuko mtaani. Sisi tuligawiwa bure, fundi hayuko, na siku ya njaa kitu cha bure ndicho cha kwanza kutoka.

Kwa hiyo mgeni akija na jiko jipya, msimuulize tu linaokoa kuni kiasi gani. Muulizeni nani hapa kambini atafundishwa kulitengeneza, na mtu atalilipia vipi kidogo kidogo. Tuseme unanunua makaa ya shilingi 1,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 30,000. Jiko likikupunguzia theluthi, una 10,000 ya kuweka kwenye kikundi cha akiba. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayenunua makaa. Anayeokota kuni anaokoa saa, na saa zinakuwa pesa tu kama kuna kazi ya kufanya nazo.

Nyumbani kwetu kazi ilipatikana. Mama alikopa kwenye kikundi chao, akanunua jiko tena, akaanza kukaanga mandazi ya asubuhi karibu na shule. Halafu ikaja Mei 2025. WFP iliondoa watu karibu milioni moja kwenye msaada wa chakula Uganda nzima, na sisi tukiwemo. Nilimpigia simu nikiogopa. Nikamuuliza, "Mama, jiko liko?"

Akasema, "Liko motoni. Nikiliuza, mandazi nitakaangia wapi?"

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutakuwa na fundi wa majiko ya udongo kutoka Imvepi, aeleze namna ya kuziba nyufa kabla ya mvua. Mwenye swali amwachie mhamasishaji wa kijiji chake. Kwaherini.

(Muziki unapanda)