Mawe Waliyotuachia
Maneno yaliyosemwa Makwale katika siku za Jubilei



Wenzetu wamekwisha kusimulia habari za watu waliotutangulia. Sisi twataka kusema habari za kitu kidogo walichotuachia, nacho ni mawe. Nyumba yetu imetengenezwa, bati jipya limeezekwa, kuta zimepakwa rangi, na kila mtu afurahi. Lakini fundi akiisha kwenda zake, hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba inapoanza.

Na tuungame kwanza kosa letu. Mafundi walipomaliza, ngazi ya mawe ya mlangoni ilikuwa imejaa matone ya saruji. Sisi tuliopewa kuitunza nyumba tuliona haya, kwa kuwa wageni walikuwa karibu kufika. Tukanunua asidi, ile dawa kali ya kusafishia vyoo, tukaimwaga juu ya mawe, tukasugua kwa brashi ya waya. Povu likatoka, saruji ikatoka, nasi tukashangilia. Hazikupita wiki nyingi, mawe yakatokwa na madoa ya kutu. Na mvua za masika zilipokuja, chokaa iliyoyashika mawe ikamomonyoka. Asubuhi moja ya Jumapili jiwe la chini likacheza chini ya mguu wa bibi mmoja mzee, naye akaanguka, akaumia mkono. Bibi huyo ni mmoja wa wale walioyabeba mawe yale kichwani kutoka mtoni, zamani za usichana wake. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba jiwe lile halikumwangusha mtu hata siku moja, mpaka sisi tulipolisafisha. Neno hilo hatutalisahau.

Basi tukawauliza wenye ujuzi, nasi twawapa tuliyojifunza, msije mkaanguka tulipoanguka sisi.

Kwanza, yapasa kulijua jiwe lenyewe. Mawe meusi yaletwayo na mito kutoka upande wa mlima Rungwe ni mawe ya volkeno. Yalitoka chini ya nchi yakiwa moto, yakapoa. Ni magumu, lakini mengi yana vitundu vidogo vinywavyo mafuta, tena yana chuma ndani yake, na asidi hukitoa chuma hicho kiwe kutu. Mawe ya chokaa, na marumaru, na matumbawe ya pwani ni ya namna nyingine, kwa maana asidi huyala yenyewe. Asiyelijua jiwe lake na adondoshe tone moja la maji ya limau mahali pasipoonekana, kisha aoshe kwa maji mengi. Likitoa povu, jiwe hilo lina chokaa. Asilitie limau wala siki kamwe. Hata lisipotoa povu, asilitie asidi, maana chokaa na saruji zilizo kati ya mawe huliwa vilevile.

Pili, vumbi la kazi. Lifagiwe kwa ufagio laini kabla ya kumwaga maji. Mchanga chini ya viatu hukwaruza jiwe kama msasa, na vumbi la saruji likipata maji huganda. Matone yaliyokwisha kuganda yabanduliwe kwa kijiti cha mti mgumu, polepole, moja moja. Brashi ya waya huacha chembe za chuma, nazo hufanya kutu. Baadaye osha kwa maji safi yenye sabuni laini kidogo, suuza, ukaushe kwa kitambaa.

Tatu, mafuta na kakao. Sisi watu wa Kyela hatukosi mawese, na doa la mawese halitoki kwa kusugua tu. Chukua udongo mweupe wa mfinyanzi, uliokauka na kupondwa, uukande kwa maji uwe mzito. Upake juu ya doa unene wa kidole, ufunike siku moja, kisha uufunue uache ukauke. Ukikauka hunyonya mafuta. Pengine kazi hii hurudiwa mara mbili au tatu. Na kakao iliyovundikwa hutoa maji machachu kama siki, yalayo chokaa na saruji; kwa hiyo isivundikwe barazani.

Nne, unyevu. Nchi yetu ina mvua nyingi. Mkiona unga mweupe juu ya jiwe, hiyo ni chumvi iliyoletwa na maji yatokayo ndani. Ipanguseni kwa brashi kavu, kisha tafuteni maji yaingiapo. Msiyapake vanishi mawe yenye unyevu, kwa kuwa maji yatafungiwa ndani na vanishi itabanduka.

Tazameni na Unguja. Kanisa kuu la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, nalo lilijengwa siku za Askofu Edward Steere kwa matumbawe na chokaa. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni za namna hiyohiyo. Kuta kama hizo hupumua. Unyevu huingia na kutoka katika chokaa. Mahali watengenezaji walipozipaka saruji, unyevu ulifungwa, jiwe likaoza nyuma ya uso uliopendeza. Basi kilichojengwa kwa chokaa kitengenezwe kwa chokaa.

Ngazi yetu tumeijenga tena, kwa mawe yaleyale na kwa chokaa. Madoa ya kutu yangalipo, wala hatuyafichi. Ninyi walimu, waonyesheni watoto madoa hayo, mwaambie sababu yake. Kila Jumamosi wapeni ufagio laini na ndoo ya maji safi, wajue kutunza kabla hawajajua kujenga. Waliobeba mawe hayo walichoka shingo kwa ajili yetu. Sisi hatukuagizwa kubeba, twaagizwa kufagia tu.

Ndiyo maneno yetu.