KABATI LA VITABU LISIFUNGWE

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu na wazazi wanaotunza maktaba ya shule ya msingi, mbele ya mkutano wa wazazi, Tanga)



Tumepewa nafasi ya kusema kabla mkutano huu haujapiga kura juu ya mashauri mawili. La kwanza, kwamba chumba cha maktaba kigeuzwe kuwa darasa, kwa kuwa watoto wa darasa la kwanza wamebanana mno. La pili, kwamba hata kama chumba kitabaki, watoto wasiruhusiwe tena kuchukua vitabu kwenda navyo nyumbani, maana vingine vinapotea na vingine vinarudi vimeloa. Hatukuja hapa kugombana na mtu. Aliyeleta mashauri haya ni mzazi mwenzetu, ana watoto wawili katika shule hii, wala hana nia mbaya. Lakini twaona ya kuwa wengi wa wale watakaonyosha mkono leo hawajapata kuingia chumbani humo siku ya Alhamisi saa nane mchana, na si haki mtu kuhukumu jambo asilolijua. Basi tupeni ruhusa tuwasimulie yaliyomo.

Chumba chenyewe ni kidogo. Zamani kilikuwa stoo ya majembe. Kina makabati mawili, mikeka mitatu, na benchi moja lililovunjika mguu ambalo watoto wamelitegemeza kwa matofali. Miguu ya makabati imesimama ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, kwa ajili ya mchwa. Mlangoni pana ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Mtoto hunawa, hujipangusa kwenye kaptula au sketi yake, ndipo huingia. Mtoto wa darasa la sita huketi hapo mlangoni na daftari la kuazima. Huandika jina la mtu, jina la kitabu, na siku ya kurudisha. Ndugu zetu, hakuna karani wa mahakama aliye mkali kama watoto hawa. Mwalimu Mkuu mwenyewe akitaka kitabu huandikwa, na siku ikipita huulizwa mbele ya watu.

Msidhani kwamba ndani pana kimya. Maktaba za mjini zina kimya, na huko kimya kina kazi yake. Lakini mtoto wa darasa la pili hajui kusoma kwa macho tu, husoma kwa mdomo na kwa kidole. Watoto thelathini wakisoma kwa mdomo, kila mmoja na hadithi yake, mtu aliye nje atadhani ni soko. Sisi tumeiacha kelele hiyo. Utawaona wamekaa wawiliwawili, mmoja anasoma, mwenziwe kazi yake kugeuza kurasa, na msomaji akikwama neno, yule mgeuzaji hamwachi ajiumeume, analisema haraka kama mtu anayejibu kitendawili. Pengine hugombana. Juzi waligombana juu ya sungura: je, alifanya haki kumdanganya fisi, au alikuwa mwizi tu? Ugomvi ule uliendelea mpaka uwanjani, na siku ya pili watoto saba walikitaka kitabu kilekile ili waamue wenyewe.

Kitabu kinachopendwa mtakitambua kwa kukitazama tu. Kimechakaa. Hadithi za wanyama hazina jalada tena. Hekaya za Abunuwasi tumezishona mara tatu. Wavulana wa darasa la tano wanagombea kila chenye picha ya nyoka, na wasichana wa darasa la saba wamemgundua Shaaban Robert, jirani yetu huyu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909; wanasoma Adili na Nduguze kwa zamu, na anayetangulia hukatazwa kuwaambia wenziwe mwisho wake.

Sasa tazameni kabati la pili. Lina vitabu vizuri sana, vya karatasi ngumu yenye kung'aa, tulivyopewa kwa ukarimu wa watu wa nchi za mbali. Twawashukuru. Lakini ni vya Kiingereza, vinasimulia watoto wanaoteleza juu ya theluji na paka wanaolala juu ya vitanda. Vinakaa vipya, mwaka unaingia mwaka unatoka. Akija mgeni kukagua, husifu kabati hilo la pili na kulitazama lile la kwanza kwa huruma. Sisi twasema anakosea kabati. Kitabu kipya baada ya miaka mitano ni kitabu ambacho hakijafanya kazi.

Hadithi za watoto kwa Kiswahili hazikujiandika zenyewe wala hazikushuka kama mvua. Mchapaji huogopa kuzichapa, maana wazazi wengi hawana fedha ya kununua, na kitabu kisichonunuliwa ni hasara. Ndiyo sababu mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto: mradi ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, mchapaji akapata moyo wa kuchapa na mwandishi akapata moyo wa kuandika. Vingi vya vitabu vya kabati letu la kwanza vilipatikana kwa njia kama hiyo. Watu walihangaika mpaka vikafika hapa. Je, vilifika ili vitiwe kufuli?

Yupo mzazi aliyetuuliza, na swali lake ni zuri: mtoto ana kitabu cha kiada darasani, hicho hakimtoshi? Tutamjibu kwa jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza na la pili analifahamu. Kiswahili kina wema mkubwa kwa mwanafunzi, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anaweza kulitamka neno lolote. Lakini kitabu cha kiada ni kimoja, na mafunzo yake hurudiwa darasa zima kwa sauti moja mpaka mtoto ameyashika kwa moyo. Mwambie asome: atasoma vizuri kabisa, bila kukosea, hata kitabu kikiwa juu chini! Baba anafurahi, anasema mwanangu amejua. Sasa mpe kitabu kingine asichokiona maisha yake. Ndipo utajua. Wengine hunyamaza. Wengine hutazama dari. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uligeuzwa, mkazo ukawekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na jambo hilo lilikuwa jema; lakini mtaala hauwezi kumpa mtoto ukurasa wa pili ikiwa ukurasa wa kwanza ndio pekee uliopo. Kusoma ni kama kuogelea. Huwezi kufundishwa ndani ya beseni.

Tena, tusisahau tulikotoka. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, nakala moja ilisomwa na watu wengi na kusikilizwa na wengine wasiojua herufi hata moja. Mwaka 1957 ilipotoka Sauti ya TANU, karatasi zile za kupigwa kwa stensili hazikufungiwa ndani ya sanduku. Zilipita mkono kwa mkono, nazo ziliwachoma wakubwa wa siku zile kiasi cha kumpeleka Mwalimu Nyerere mahakamani mwaka 1958 na kumtoza faini. Karatasi mbovu, wino wa kuchafua vidole, lakini kazi yake ilionekana kwa sababu ilitembea. Na uhuru ulipopatikana, serikali yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru yenyewe, Mwalimu akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam.

Halafu tazameni yaliyofuata, maana yanatuhusu sana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee waliomo humu ndani wanakumbuka: walikaa chini ya miembe jioni na ubao mmoja, baada ya kutoka katika mkonge, mikono imechanika. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, hawakufika hata mmoja katika kumi. Dunia ilistaajabu. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wasiojua walikuwa wamezidi tena robo ya watu wazima. Sababu ni nyingi, na ugumu wa maisha ni mmojawapo. Hata hivyo sababu moja twaijua sisi wenyewe: maktaba za vijiji zilizoanzishwa wakati ule, nyingi zilikufa kwa kukosa vitabu vipya, na aliyejua kusoma akakosa cha kusoma. Herufi zisizotumika huota kutu. Yuko mzee mmoja jirani ya shule aliyepata cheti chake zamani zile, akawa amesahau. Mjukuu wake wa darasa la tatu humletea kitabu kila Alhamisi. Jioni husoma wote wawili kibarazani, na sasa mzee hutuletea maagizo: mleteeni cha bahari, cha wanyama amechoka.

Mzee huyo hataingia katika chumba chetu. Magoti yake hayawezi. Basi mkikataza vitabu kwenda nyumbani, mmemkataza na yeye.

Twaja kwenye hasara. Ni kweli vitabu vinapotea. Daftari lipo hapa mezani, aje mtu yeyote alitazame. Vilivyopotea mwaka mzima ni vichache kuliko vilivyoliwa na mchwa katika mwaka mmoja wakati vilipokuwa vimefungiwa. Mchwa hawaandikwi katika daftari, ndiyo maana hakuna anayewalaumu. Na ile desturi ya shule nyingi, kwamba kitabu kikipotea mzazi alipe bei yake, ina ubaya ambao hauonekani haraka. Mama mmoja, mwuza maandazi, alitujia akasema: “Walimu, mwanangu msimpe kitabu. Siku kitakapoingia maji, nitakilipa kwa nini?” Hakusema kwa hasira. Alikuwa amepiga hesabu. Kwa sheria ile, mtoto wa mwenye duka atasoma, na mtoto wa mama maandazi ataangalia wenziwe wakisoma. Hilo si jambo la kulikubali katika shule ya umma, hata kidogo.

Kwa hiyo sisi twapendekeza hivi. Kitabu kilicholoa au kuchanika, mtoto asitozwe kitu. Akilete, akae nasi akishone. Kilichopotea kabisa, mtoto afanye kazi ya maktaba muhula mmoja: kufagia, kufunika vitabu kwa karatasi ya kaki, kujaza makopo mafuta. Na kila anayeazima apewe mfuko wa kitambaa wa kukibebea. Mafundi cherehani wawili wamekwisha jitolea vipande vyao vya nguo.

Kuhusu chumba, hatutaficha kwamba shida ni kweli. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016 shule zilifurika watoto, na hatuwezi kumwambia mama wa darasa la kwanza kwamba mtoto wake aendelee kukaa sakafuni huku sisi tuna mikeka mitatu na kelele. Ikiwa mkutano utaona hakuna njia nyingine, chukueni chumba. Tutaumia, lakini tutavigawa vitabu katika makasha ya mbao, kasha moja kwa kila darasa, watoto wawili wa kulitunza, na kila mwezi makasha yabadilishane madarasa. Zamani, kabla ya Uhuru, shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilisafirisha vitabu ndani ya masanduku namna hiyo, na watu wakavisoma. Makabati yawekwe katika ofisi ya walimu, funguo zikae kwa yule mtoto wa darasa la sita.

Lakini kura ya pili, ndugu zetu, hiyo twaomba muikatae. Chumba tukinyang'anywa tutaishi. Tukinyang'anywa ruhusa ya kuazimisha, tutabaki walinzi wa karatasi.

Neno la mwisho ni la kazi. Vyovyote mtakavyoamua, Jumamosi hii asubuhi saa tatu tutakaa chini ya mwembe wa shule kushona vitabu, na vipo vingi. Mwenye sindano ya magunia aje nayo. Uzi wa katani tunao, na hapa Tanga tungekosaje? Tunahitaji makasha ya katoni kwa ajili ya majalada, unga wa ngano kilo moja wa kupikia gundi, na shabu kidogo ya kutia ndani yake, maana gundi ya unga mtupu huwaita mende. Akina baba nao wanakaribishwa. Kushona kitabu si kazi ya wanawake peke yao. Na watoto msiwaache nyumbani, kwa kuwa wao ndio wanaojua ukurasa gani unafuata upi.